Damu ya Pande Mbili



Somo letu mwezi huu ni Injili ya Yohana sura ya 9, mistari mitatu ya kwanza. Tafadhali isomeni nyumbani kabla ya kuendelea. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, na jambo la kwanza lililowajia halikuwa kumpa pole wala kumshika mkono, bali kumtafuta mwenye kosa: je, ni yeye, au ni wazazi wake? Bwana wetu alizikataa njia zote mbili.

Twaanzia hapo kwa sababu swali lile tumelisikia hapa kwetu Morogoro, chini ya mlima huu, katika msiba wa mtoto wa miaka sita. Tuliimba, tukaomba, tukamzika, na kabla udongo haujakauka maneno yakaanza kupita uani, penye masufuria. Huyu ni wa pili kufa katika nyumba ile. Ugonjwa ni ule ule: miguu kuuma, macho kuwa ya manjano, damu kuisha. Umetoka kwa upande wa mama. Bibi mzaa mama anajua. Jumapili iliyofuata bibi yule alikaa kwenye benchi peke yake, na sisi viongozi tuliosimama mbele na kanzu zetu nyeupe tuliona, tusiseme kitu. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Cheti cha hospitali cha mtoto yule kilikuwa kimeandikwa wazi jina la ugonjwa: selimundu, ambao wengi wetu tumezoea kuuita siko seli. Muuguzi mmoja wa usharika wetu ndiye aliyekisoma na kutueleza. Nasi twaona haya kwamba tulihubiri miaka mingi juu ya damu bila kujua damu imeumbwaje.

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa seli, yaani chembe hai, kama nyumba ijengwavyo kwa matofali. Lakini mfano wa tofali haufiki mbali, maana tofali halili, halipumui, wala halizai tofali jingine. Afadhali tuseme kila seli ni kaya kamili. Ina uzio wake, nao ni utando mwembamba wenye milango inayochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Ina jiko lake, ambamo chakula huchomwa polepole ili itoke nguvu. Ina mafundi wa kutengeneza protini. Na katika seli nyingi mna kiini, ambamo yamewekwa maagizo ya kazi yote. Watoto wetu wa sekondari huchukua ngozi nyembamba ya kitunguu cha sokoni, wakaitazama kwa hadubini, na kaya hizo huonekana zimepangana mstari kwa mstari. Mzazi mwenye mtoto shuleni amwombe amsimulie. Ni jambo la kumsifia Mungu.

Seli nyekundu ya damu ina tabia yake ya pekee. Inapokua ndani ya uboho wa mifupa hukitupa nje kiini chake, ili ipate nafasi ya kubeba himoglobini, ile protini nyekundu inayochukua oksijeni mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Umbo lake ni kama sahani iliyobonyea pande zote mbili, nayo ni laini, hata huweza kujikunja ikapita katika mshipa ulio mwembamba kuliko yenyewe. Kwa kuwa haina kiini haiwezi kujitengeneza upya ikichakaa. Huishi siku 120 hivi, kisha hufa, na uboho wetu hutoa nyingine mahali pake, kama milioni 2 kila sekunde. Kabla dakika moja haijaisha zimekwisha kuzaliwa nyingi kuliko watu wote wa Tanzania hii.

Sasa kosa liko wapi? Himoglobini imefungwa kwa minyororo, na mmoja wa minyororo hiyo una pete 146. Katika siko seli ni pete moja tu, ile ya 6, iliyobadilika. Lakini kwa ajili ya pete hiyo moja, seli ikishatoa oksijeni yake, himoglobini hushikamana na kuwa kama vijiti vigumu, na ile sahani laini hupinda ikawa mfano wa mundu wa kukatia majani. Kila mtu hapa amepata kuona wakati wa masika jinsi matawi yanavyoteremka na maji kutoka Uluguru, yakakwama chini ya daraja, maji yakashindwa kupita. Ndivyo ilivyo. Mishipa midogo huziba, na mahali palipozibwa pana maumivu ambayo mtoto hawezi kuyaeleza ila kwa kulia. Tena seli iliyopinda haifikishi siku 120; huishi siku 10 hadi 20 tu, uboho ukashindwa kuzifuata kwa haraka hiyo, na damu ikapungua. Macho ya manjano yaliyotajwa pale msibani yalikuwa mabaki ya seli zilizovunjika, wala hayakuwa alama ya mtu.

Tufike kwenye neno lenyewe, nalo ni hili la upande wa mama. Kwa desturi ya Waluguru mtoto ni wa lukolo la mama yake, na ardhi hufuata njia hiyo. Desturi hiyo ina heshima zake, wala hatuitukani. Lakini seli haifuati lukolo. Mtu huanza akiwa seli moja, iliyofanyika kwa kukutana kwa mbegu ya baba na yai la mama, na kila mmoja wao huleta nakala moja ya agizo la kutengeneza ule mnyororo wa himoglobini. Anayepata nakala moja iliyobadilika na moja nzima kwa kawaida haugui. Hulima, huzaa, huzeeka asijue. Anayepata mbili zilizobadilika, moja kwa baba na moja kwa mama, ndiye mwenye siko seli. Basi wale waliokuwa wakinong'ona uani wakielekeza vidole ukeni, ndugu zetu wa upande wa baba, walikuwa nao wameleta nusu yao. Hakuna aliyejua. Hakuna aliyetenda.

Mtu atauliza, jambo hili limetokea wapi na kwa nini liko kwetu zaidi? Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1949, akaona kwamba nakala hiyo iliyobadilika ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, palipo na malaria kali, na ni haba nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alitangaza kwamba mwenye nakala moja hukingwa na malaria kali. Yaani jambo lile lile lililomwua mtoto wetu limewaokoa babu zetu wengi walipokuwa wadogo. Tusikimbilie kusema tunajua Mungu alikuwa na maana gani. Sisi tumelitafakari na tumenyamaza.

Yaliyo mikononi mwetu ni mengine. Inakadiriwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye siko seli kila mwaka. Zamani wengi walikufa kabla ya miaka mitano bila kujulikana. Leo sivyo: Muhimbili wamekuwa na mpango maalum wa ugonjwa huu tangu mwaka 2004, na mtoto akijulikana mapema hupewa dawa ya penisilini ya kumkinga na maambukizo, foliki asidi, kinga ya malaria, na wengine hupewa haidroksiyurea inayopunguza yale maumivu. Dalili huanza mara nyingi baada ya miezi 6. Mama akiona vidole vya mikono au miguu ya mtoto vimevimba na kuuma, asiende kwa mganga kwanza. Aende akapimwe damu.

Hali kadhalika vijana wanaokuja kwetu kuandikisha ndoa. Hutangazwa kanisani Jumapili tatu, nasi huuliza kama kuna kizuizi. Tangu sasa, kabla ya kutangaza, tutawaomba wakapime. Wengine wamekwisha kutulalamikia, wakisema kanisa linataka kuvunja uchumba wa watu. Hatutamkataza yeyote. Wote wawili wakiwa na nakala moja moja, katika kila mimba iko nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye ugonjwa. Wanaweza kuoana na hali wanajua, tena wakamwandalia mtoto wao kliniki mapema. Tulilolichoka ni kuwazika watoto halafu kumtafuta bibi wa kumlaumu.

Siku ya Alhamisi tulikwenda kwa bibi yule, wazee wawili wa kanisa, muuguzi na mchungaji. Tulimwamkia, akaitikia, akatutandikia mkeka. Tulimwomba radhi kwa lile benchi. Kisha muuguzi akamweleza habari za nakala mbili, polepole, kwa Kiluguru pale Kiswahili kilipokwama. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake mapajani. Tulidhani atalia, au atatufukuza, na angekuwa na haki.

"Sawa, wanangu," alisema. "Na huyu mdogo aliyebaki, mmempima?"

Hatukuwa tumempima. Baba yake mwenyewe ndiye aliyempeleka, Jumanne iliyofuata, na bibi alikwenda pamoja nao akiwa amempakata mtoto.