Kutoa ni moyo; na kuacha je?

Wazee walisema: kutoa ni moyo, si utajiri. Lakini tunajiuliza: je, kutoa kunatosha?

Mwaka 2014 filamu «Virunga» ya Orlando von Einsiedel ilionyesha dunia gorila wa kwetu na walinzi wa parki hii, iliyoanzishwa mwaka 1925. Walinzi zaidi ya 200 wamekwisha kuuawa kazini. Filamu za namna hii huonyeshwa pia kwa kuchangisha: mutu ananunua tiketi, anaangalia, na feza inasaidia pori ao wajane. Ni tendo jema, tusilizarau.

Lakini sisi watu wa Goma tuko ndani ya picha. Makala tunayopikia maharagi, mengi yanatoka mu pori ile ile. Mwenye tiketi anatoa kilichobaki mfukoni. Mama muuza makala, akiacha gunia lake, anaacha chakula cha watoto. Tusimuhukumu basi. Tudai umeme wa bei nafuu, tupande miti, na sisi wenye mshahara, hata kama ni mdogo, tuwe wa kwanza kubadili jiko letu.

Ndugu wasomaji, kutoa bila kuacha ni kujaza maji mu mtungi uliotoboka.