Dhana, Yakini na Jina Lililofutwa Jaladani

Wanazuoni wa elimu ya Kiislamu hutenga daraja za kujua: shaka, ambapo moyo husimama kati ya mambo mawili bila kuelemea popote, dhana, ambapo moyo huelemea upande mmoja huku uwezekano wa upande wa pili ukiwa bado haujaondoka, na yakini, isiyoacha nafasi ya wasiwasi. Mgawanyo huo unafaa kulipimia tukio la Machi 2015, wakati jina la Hideo Kojima, Mjapani aliyeuanzisha mfululizo wa michezo ya video wa Metal Gear mwaka 1987, lilipoondolewa kwenye jalada la Metal Gear Solid V: The Phantom Pain, mchezo ambao ulikuwa bado haujatoka na ambao hakimiliki yake ilikuwa mikononi mwa mwajiri wake, kampuni ya Konami.

Wapo mashabiki waliosema kwamba mamlaka ya utunzi yamehamia kwingine, na wapo walioshikilia kwamba ile ilikuwa hila ya mtunzi mwenyewe. Hawa wa pili wasidharauliwe haraka, kwa kuwa mchezo huohuo ulikuwa umetangazwa mwanzoni kwa jina la studio ya kubuni, Moby Dick, ambayo mkuu wake alijitokeza mwaka 2013 akiwa amefungwa bendeji uso mzima na kujiita Joakim. Waliozipanga upya herufi za jina hilo walipata Kojima, na waliozichunguza nafasi tupu katika nembo ya mchezo waliona kwamba maneno Metal Gear Solid V yanaenea humo sawasawa. Dhana yao ilithibitika, na tangu hapo wakazoea kuona kwamba kukosekana kwa jina ni dalili ya kuwapo kwa mwenye jina. Hatari yake ni kwamba dhana inayosema ni yeye jina likiwapo, na ni yeye vilevile likifutwa, haina tena ushahidi wowote unaoweza kuikanusha. Desemba 2015 Kojima aliondoka Konami na kuanzisha studio yake huru, na walioshikilia kwamba ile ilikuwa hila wakaonekana wamekosea.

Hata hivyo, kukosea huko hakulifuti swali walilokuwa wamelibeba, nalo ni kwamba kazi ya sanaa ni ya nani. Sheria hujibu kwa neno moja, mwenye hakimiliki, lakini watunzi wa tenzi za Kiswahili walilijibu vingine walipojitaja katika beti za mwisho ili utenzi usipoteze nasaba yake hata ukipita mikono ya wanakili wengi. The Phantom Pain inafanya jambo lililo karibu na hilo: kila operesheni ina orodha ya majina ya waliohusika, na jina la Kojima hurudi tena na tena, kana kwamba limeshonwa ndani ya kitambaa ambacho jalada lake limebanduliwa.

Hadithi ya mchezo wenyewe inalifanya swali kuwa zito zaidi. Mchezaji humwongoza kwa saa nyingi mtu anayeamini kwamba yeye ni Big Boss, komando mashuhuri, kisha mwishoni hugundua kwamba huyo ni tabibu wa kikosi aliyebadilishwa sura na kupandikizwa kumbukumbu za mwenzake. John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, aliuegemeza utambulisho wa nafsi katika fahamu inayoyakumbuka matendo yake ya zamani. Lakini tabibu huyu anayakumbuka asiyoyatenda. Metal Gear Survive ya mwaka 2018, iliyotengenezwa na Konami bila Kojima, ilikuwa katika hali iyo hiyo: ilikuwa na jina la ukoo na ilitumia injini ileile, yaani programu ya msingi inayouendesha mchezo, lakini mashabiki wengi walikataa kuihesabu miongoni mwa ndugu zake.

Mwaka 2025 Konami ilitoa Metal Gear Solid Delta: Snake Eater, toleo jipya la mchezo wa 2004, ikabadilisha sura za watu na misitu, lakini masimulizi ya zamani ikayaacha yalivyo, pamoja na sauti zilezile za waigizaji. Mwenye haki zote za kisheria alikuwa ameshika kazi ya mnakili.