TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Jina Ulilojipa Mwenyewe

Ndugu zangu wa Miyuji na nyote mnaotusoma kutoka mbali, poleni na funga.

Leo tuangalie kitu kidogo ambacho karibu kila mmoja wetu anacho mfukoni: jina lake la mtandaoni. Lile ulilojiandikia WhatsApp, ambalo mtu asiyehifadhi namba yako analiona kwenye grupu. Lile la Instagram, la TikTok, la X.

Jina lako la kwanza hukulichagua. Ulipewa na wazazi ukiwa hujui kitu. Lakini hili la kwenye simu umelichagua mwenyewe, ukiwa na akili timamu. Kwa hiyo la kwanza ni zawadi, la pili ni tendo. Na tendo, tunajua, linapimwa kwa nia yake.

*Je, kila jina la kubandika ni uongo?* Hapana, tusikimbilie huko. Abu Hurayra (r.a.), aliyetupokelea hadithi nyingi kuliko wote, tunamjua kwa jina lililotokana na kapaka kake. Sayyidna Ali (r.a.) alikutwa na Mtume (s.a.w.) amelala msikitini, shuka limemdondoka, mgongo umejaa vumbi. Mtume akamwita Abu Turab, yaani baba wa vumbi. Imepokewa kuwa hakuna jina alilolipenda zaidi ya hilo. Sisi watu wa Dodoma vumbi tunalijua vizuri! Ona sasa: shujaa yule, jina alipendalo kuliko yote ni la vumbi.

Na mji wetu wenyewe una jina lenye kisa. Wazee husimulia kuwa tembo alizama kwenye tope, Wagogo wakasema amedidimia, na hapo ndipo neno Dodoma likatokea. Jina la utani au la kisa si dhambi.

*Tatizo linaanzia wapi?* Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Bibi Zaynab alikuwa anaitwa Barra, maana yake mwema. Ikasemwa kwamba anajitakasa kwa jina hilo, Mtume (s.a.w.) akamwita Zaynab. Hebu tafakari. Jina lilikuwa zuri, na lilibadilishwa kwa sababu ya uzuri huo. Sasa sisi tunajiita nani huko mitandaoni? Mcha Mungu, Mnyenyekevu, Simba wa Haki. Kila mtu kajipa cheti chake mwenyewe, hakuna msahihishaji.

Sasa njoo kwenye orodha zetu za michango ya futari. Utakuta majina na viwango, halafu mstari mmoja: "Mja wa Allah, 20,000." Hajulikani ni nani. Huyo amekwenda na ile hadithi ya mkono wa kushoto usiojua ulichotoa wa kulia. Lakini ukifungua sehemu ya maoni chini ya video ya sheikh fulani, unamkuta mwingine naye kajiita Mja wa Allah, anamtukana mzazi wa mtu. Jina ni lilelile. Wa kwanza kajificha ili asisifiwe. Wa pili kajificha ili asiulizwe. Kumbe swali si kwamba jina ni la kweli au la kubuni. Swali ni hili: *umejificha nini?*

Kuna na watu wa kati. Dada ana shida ya ndoa, kijana ana ugonjwa anaouonea aibu, mfanyakazi kaona wizi anaogopa kusema. Hawa wanaficha jina kwa haja, na sitara ni haki yao. Nchi yetu imewahi kulikabili jambo hili mahakamani. JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, ilijaa watu wanaoandika kwa majina ya kubuni. Desemba 2016 mwanzilishi mwenza wake, Maxence Melo, alikamatwa na kushtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Sababu mojawapo ni kutowapa polisi taarifa za watumiaji wake. Sisi hapa hatuihukumu kesi ile. Ila swali lake linatuhusu: jina la kubuni ni amana ya kulindwa, au pazia la mkosaji? Linaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili, na anayejua kwa hakika ni aliyelivaa, na Mola wake.

Na hata hilo pazia, ndugu yangu, ni jepesi. Tangu 2020 laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Ulijiita unavyotaka, lakini kidole chako kiko kwenye kumbukumbu. Sasa kumbuka Suratu Yasin, aya ya 65: siku ambayo midomo itafungwa na mikono itasema. Mikono hiyohiyo inayoandika. Haitaulizwa ulijiitaje.

Katika Suratul Hujurat, aya ya 11, Allah ametukataza kuitana majina mabaya. Basi tusiwaite wenzetu hivyo, na sisi wenyewe tusijipe jina la kutufungulia mlango wa kuwatukana.

*Kazi ya leo, kabla ya tarawehe:*

1. Fungua simu, soma jina lako kama vile ni la mtu mwingine. Ungekubali kuitwa hivyo kwa sauti mbele ya safu ya kwanza?
2. Kama jina lako lina dini ndani yake, soma ulichoandika wiki hii. Je, vinalingana?
3. Kama una akaunti usiyotaka mkeo, mumeo au mama yako aijue, jiulize: ni sitara au ni maficho? Jibu unalo.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Mtandaoni ndiko gizani kwetu leo, hakuna anayetuona sura.

Ee Allah, safisha nia zetu, ndimi zetu na vidole vyetu. Tusitiri aibu zetu, wala usitujaalie kuifanya sitara Yako kuwa silaha. Zipokee funga zetu. Aamiin.

Mtumie na mwenzako. Futari njema.