Biblia Wanayo, Lakini Hawaisomi

Ndugu wasomaji, watu wengi hudhani ya kwamba Mwislamu hufurahi asikiapo kuwa makanisa ya Ulaya yanazidi kuwa matupu. Sivyo hata kidogo. Mtu aliyeacha kanisa akaingia msikitini amehama nyumba. Lakini aliyeacha kanisa asiende popote amebaki nje usiku, bila paa. Na wengi wa wanaoondoka huko leo huondoka kwa namna hii ya pili. Basi yatupasa kuitazama habari hii kwa huzuni, tukijiuliza: imekuwaje?

Tuanze na Uingereza, kwani kutoka huko walitumwa wamisionari wengi waliokuja kwetu. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na chama cha wamisionari cha Uingereza, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huo huo akaanza kufasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Leo nchi iliyomtuma iko katika hali gani? Katika hesabu ya watu ya England na Wales ya mwaka 2001, watu karibu 72 katika kila 100 walijiita Wakristo. Mwaka 2011 walikuwa 59. Mwaka 2021 walikuwa 46 tu, yaani chini ya nusu, na watu 37 katika kila 100 walisema hawana dini yoyote.

Marekani nako, ambako dini ingali na nguvu zaidi, uchunguzi wa Pew Research Center wa mwaka 2010 ulionyesha jambo la ajabu. Watu zaidi ya 3,000 waliulizwa maswali 32 juu ya Biblia na juu ya dini mbalimbali. Waprotestanti walipata kwa wastani majibu 16, Wakatoliki chini ya 15. Lakini wasioamini Mungu, pamoja na wale wasemao kwamba hakuna awezaye kujua kama Mungu yupo, walipata karibu 21. Wamarekani walioweza kutaja majina ya Injili nne walikuwa 45 tu katika kila 100. Ni kweli ya kwamba wako Wakristo waijuao Biblia yao vizuri, na katika maswali ya Biblia peke yake baadhi yao waliwashinda wote. Lakini umati mkubwa wanacho Kitabu nyumbani, na yaliyomo hawayajui.

Wengine husema kwamba mali na elimu ya sayansi ndivyo vilivyowapoteza. Lakini elimu haiwezi kuiua imani iliyo hai. Sababu iliyo kubwa zaidi ni hii, ya kwamba kwa karne nyingi Mkristo alifundishwa kanuni ya imani iliyotungwa katika mabaraza, kama lile la Nikea la mwaka 325, akaambiwa kwamba kanuni hiyo ndiyo Biblia. Alipouliza, Mungu mmoja huwaje watatu, aliambiwa hilo ni fumbo, amini tu. Baba yake alinyamaza. Mtoto aliyekwenda chuoni hakunyamaza.

Kisha wakuu wa dini wenyewe wakaanza kusema hadharani. Mwaka 1963 John Robinson, Askofu wa Woolwich, aliandika kitabu kilichotikisa Uingereza, akitaka picha ya Mungu waliyozoea watu iachwe. Mwaka 1977 wataalamu saba wa dini ya Kikristo, chini ya uhariri wa John Hick, walitoa kitabu wakieleza kwamba habari ya Mungu kuwa mwanadamu isichukuliwe kama jambo lililotokea hasa. Kijana aliposikia hayo alitupa vyote pamoja: kanuni, Biblia na Mungu. Hasara gani hiyo! Alimwacha Muumba wake kwa sababu ya fundisho ambalo Nabii Isa a.s. hakulifundisha.

Laiti angalifungua Kitabu mwenyewe! Angalikuta katika Marko 12:29 Yesu akiulizwa amri iliyo kuu, naye akiijibu kwa umoja wa Mungu. Angalikuta katika Yohana 17:3 akimwomba Baba na kumwita Mungu wa pekee wa kweli. Angalikuta katika Mathayo 15:24 kwamba alitumwa kwa nyumba ya Israeli, na katika Yohana 16:12-13 kwamba alikuwa na mengi ambayo wanafunzi wake hawakuweza kuyachukua bado, na ya kwamba angekuja mwingine wa kuwaongoza katika kweli yote. Biblia ikisomwa haimfukuzi mtu kwa Mungu, bali humwelekeza mbele, kwa Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w.

Kwa sababu hiyo Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, hakuwaambia Wakristo waifunge Biblia. Mwaka 1893, katika mjadala wa siku kumi na tano uliofanyika Amritsar, Bara Hindi, kati yake na Abdullah Atham wa upande wa Wakristo, aliweka kanuni ya haki: kila upande utoe dai lake kutoka katika Kitabu chake, na hoja yake pia kutoka katika Kitabu hicho hicho. Ni nani leo awezaye kuingia katika mjadala kama huo? Asiyejua Kitabu chake hana la kutetea, wala hana la kulinganisha na ukweli anaoletewa.

Lakini ndugu Waislamu, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Kurani Tukufu (62:6) imewafananisha waliopewa Taurati wasiifuate na punda aliyebeba vitabu: uzito anausikia, maana haijui. Na katika 25:31 imeelezwa kwamba Mtume s.a.w. atamlalamikia Mola wake kuwa watu wake waliiacha Kurani hii. Malalamiko hayo hayawahusu Wakristo, yatuhusu sisi. Tangu mwaka 1953 Jumuiya yetu imetoa tafsiri ya Kurani Tukufu kwa Kiswahili pamoja na maelezo. Hatuna udhuru wa lugha. Kurani iliyofungwa kwa kitambaa kizuri na kuwekwa juu ya kabati haimlindi mtoto wako na upepo uliozima taa za Ulaya. Upepo huo umekwisha fika kwetu. Uko katika simu iliyo mkononi mwake.

Nawe ndugu Mkristo unayesoma gazeti hili, hatukuombi utuamini kwa neno letu. Fungua Biblia yako usiku wa leo, soma sura zilizotajwa hapo juu tangu mwanzo hata mwisho, wala si aya moja moja. Kisha omba kwa Mungu Mmoja, yule yule aliyeombwa na Yesu, akuonyeshe njia. Halafu isome Kurani Tukufu kwa moyo huo huo. Mtafutaji mwenye nia safi Mwenyezi Mungu hamwachi njiani.

Mwenyezi Mungu atujalie sote kuyasoma maneno Yake, kuyafahamu na kuyatenda. Amin.