Tongotongo za Mtoto si Kesi ya Mama

Bango la afya lina njia ya mkato: chora mtoto mwenye tongotongo, weka nzi machoni, andika chini kwa herufi nyekundu, UCHAFU HUPOFUSHA. Hata asiyejua kusoma anaelewa. Ila huku Gulwe, mkoani Dodoma, mama akilitazama bango hilo haoni ugonjwa, anajiona yeye.

Trakoma, au vikope kama wengi tunavyouita, si mgeni Dodoma. Huambukizwa kwa mikono, kwa vitambaa na kwa nzi wanaotua usoni. Mtu akiambukizwa tena na tena tangu utotoni, makovu hukunja ukope kwa ndani, na kila akipepesa, kope zinakwaruza jicho. Wanaofika huko wengi ni wanawake, kwa kuwa ndio wanaoshinda na watoto. Yaani aliyeumizwa zaidi ndiye anayenyooshewa kidole.

Jirani zetu wa Kongwa wanayajua haya. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akiwemo Sheila West, wamefanya kazi katika vijiji vyao. Walipochunguza kwa nini watoto hawanawishwi uso, walikuta maji yako mbali, na watu wanaamini kunawisha kunamaliza maji mengi. Walikuta pia kwamba mama hana kauli peke yake juu ya maji wala muda wake: baba yumo, wazee wamo, majirani nao wamo. Kwa hiyo kampeni ya kunawisha uso ikaelekezwa kwa kijiji kizima. Matokeo yaliyochapishwa na jarida la Lancet mwaka 1995 yalionyesha kuwa mahali dawa ya tetrasaiklini ilipofuatwa na kampeni hiyo, trakoma kali ilipungua kuliko mahali palipopata dawa tu.

Sina ugomvi na sabuni. Ugomvi wangu ni na aibu inayogawiwa kama dawa ya bei rahisi. Tuliiona kwenye Ukimwi: matangazo ya mafuvu, na watu wakaogopa kupima wasije wakahesabiwa wafu. Sheria ya Ukimwi ya mwaka 2008 ikaja kupiga marufuku unyanyapaa, lakini hofu ilikuwa imeshaota mizizi. Na kwenye vikope, mama aliyeaibishwa ana mlango wa kufunga siku mgawa dawa anapopita.

Shirika la Afya Duniani lenyewe linataja mambo manne kwa pamoja: upasuaji, dawa, usafi wa uso, na mazingira bora, maji yakiwemo. Bango huchagua moja, na ajabu ni lile lisilomgharimu mwandishi wa bango hata senti.

Basi anayetaka kubandika bango jingine pale stesheni ya Gulwe aulize kwanza dumu la maji huuzwaje mwezi Oktoba, na nani hulibeba hadi nyumbani. Kisha kwenye picha amchore baba akimnawisha mwanawe.