Uzi Nyuma ya Mshale

Wawindaji wa upinde wa Marekani na Kanada wana kifaa kidogo ambacho baadhi yao hujitengenezea nyumbani. Huchukua chupa ya plastiki ya vidonge, au kipande cha bomba la maji kilichozibwa upande mmoja, na ndani yake huweka bobini ya uzi wa nailoni. Uzi huo ni mwembamba lakini imara, wa kuhimili kilo nane hadi kumi kabla ya kukatika. Bobini yenyewe haizunguki. Uzi huchomoka kutoka katikati yake, pete baada ya pete, ili usiurudishe mshale nyuma. Mdomo wa chupa hupigwa msasa usije ukauchana uzi. Kisha chupa hufungwa mbele ya upinde, na mwisho wa uzi hukazwa kwenye mshale, nyuma kidogo ya chembe. Mwindaji akiachia upote, mshale huondoka na uzi wake. Mnyama akipigwa akakimbilia vichakani, uzi huendelea kufunguka nyuma yake, na mwindaji hubaki na njia ya kuifuata.

Fundi cherehani yeyote angekielewa kifaa hiki kwa kukitazama mara moja. Kinachonifanya nikitafakari ni wakati uzi unapofungwa: mshale ungali mkononi, mnyama hajatokea, hakuna aliyekosea bado. Mwindaji anakubali mapema kwamba mkono wake unaweza kutetereka, na anajifunga kulifuata tendo lake popote litakapoishia. Naona hapo kuna adabu ambayo binadamu wengi tunaikosa, hata tusiowahi kushika upinde.

Mshale hauangushi kama risasi. Unaua kwa kukata na kumwaga damu, na kwa hiyo hata mnyama aliyepigwa vizuri hukimbia. Kulungu aliyetobolewa mapafu yote mawili anaweza kwenda mita mia moja kabla ya kuanguka. Wazoefu husoma damu aliyoiacha. Damu nyekundu angavu yenye mapovu imetoka mapafuni. Damu nzito ya rangi ya kiza imetoka kwenye ini. Majimaji ya kijani yenye harufu yanasema mshale umepita matumboni, na kwamba mnyama huyo atateseka kwa saa nyingi. Lakini si kila mnyama huacha maandishi ya kusomeka. Dubu mweusi ana mafuta yanayoziba jeraha na manyoya mazito yanayonyonya damu, na nyayo zake laini hazichimbi ardhi. Bata mzinga wa mwituni huweza kuruka na mshale mwilini, akatua mbali na kujificha bila kudondosha hata tone. Mvua nayo ikinyesha hufuta kila kitu. Ndiyo maana uzi ulipata wapenzi hasa kwa wawindaji wa dubu na bata mzinga.

Wanyama wanaopotea si wachache. Katika kambi ya jeshi la majini ya Indian Head, jimbo la Maryland, kumbukumbu za uwindaji wa kulungu kwa upinde zilitunzwa kwa miaka mingi. Zilionyesha kwamba takriban 18 kati ya kila kulungu 100 waliopigwa hawakupatikana. Tena hao walikuwa wawindaji waliopimwa uhodari wao kabla ya kuruhusiwa kuwinda. Shabaha nzuri, basi, haitoshi kuwa kinga.

Uzi una faida nyingine isiyoonekana haraka: unampa mwindaji nafasi ya kusubiri. Mnyama aliyejeruhiwa akiandamwa papo hapo hupata nguvu ya hofu na kwenda mbali zaidi. Akiachwa, hulala karibu. Kwa pigo la mapafu hungojewa nusu saa. Kwa pigo la tumbo, saa sita au zaidi. Lakini kusubiri ni kugumu kwa mtu anayeogopa kupoteza. Jua linazama, damu inakauka, moyo unamhimiza akimbilie. Mwenye uzi anaweza kukaa chini, kwa sababu njia yake haitafutika. Mara nyingi tunadhani subira ni tabia ya kuzaliwa nayo. Mimi naona kwamba nusu yake ni maandalizi: asiyejiandaa hana budi kuwa na pupa.

Uzi huo una gharama, na ni haki kuitaja. Unapunguza kasi ya mshale na kuupotosha kadiri unavyokwenda mbali. Upepo ukivuma, uzi hupeperuka. Ukinasa kwenye tawi, pigo linaharibika. Wapo wanaoukataa kwa sababu hiyo, wakisema kwamba kifaa kinachoweza kuharibu pigo ndicho chenyewe kinachojeruhi. Hoja yao ni nzito. Wanaoutumia hujibu kwa kusogea: hawaachii mshale mpaka mnyama awe ndani ya mita ishirini hivi. Uzi unawanyima pigo la mbali, na pigo la mbali ndilo lenye kubahatisha kwingi.

Ukaribu huo ndio uliokuwa msingi wa uwindaji wa Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi, aliyejitokeza kutoka porini karibu na Oroville, California, mwaka 1911. Aliishi katika jumba la makumbusho la chuo kikuu mjini San Francisco hadi alipofariki mwaka 1916. Huko alimfundisha upinde daktari Saxton Pope. Pope aliandika jinsi Ishi alivyoweza kumwita sungura kwa kutoa sauti ya kubusu vidole vyake, mpaka mnyama akasogea mwenyewe. Mwaka 1925 Pope na mwenzake Arthur Young walikuja Tanganyika, pamoja na mwandishi Stewart Edward White, kuwinda simba kwa mishale. Penye mishale hiyo bunduki nayo haikuwa mbali. Wako wanaoihesabu kuwa dosari katika safari ile, kwamba bila bunduki ushujaa ungekuwa kamili. Kwangu mimi bunduki ile ilikuwa sawa na uzi. Simba aliyejeruhiwa na kuachwa kichakani si hasara ya aliyempiga. Ni hatari kwa mchungaji atakayepita kesho na ng'ombe wake, na kwa mama atakayeingia kuokota kuni, watu ambao hawakushika upinde wala hawakuulizwa.

Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi hawafungi uzi. Mtu akimpiga mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu, hamkimbilii. Hutazama alikoelekea, hurudi kambini, kisha huja na wenzake kufuata nyayo, na nyama ikipatikana hugawanywa kambini. Kinachomfunga mpigaji na pigo lake ni macho ya wenzake na matumbo yanayongoja. Wawindaji wa viboko wa mto Atbara, Sudan, katika karne ya 19, walikuwa na kamba halisi: chusa ilifungwa kamba, na kamba ilifungwa boya la mti mwepesi. Kiboko alipozama, boya lilieleza alipo. Wainuiti wa kaskazini hufanya hivyo kwa ngozi nzima ya sili iliyojazwa upepo. Kwa watu hao wote, kupoteza mnyama kulikuwa kulala njaa, na njaa ni msimamizi asiyesinzia. Mwindaji wa leo mwenye friji iliyojaa hana msimamizi huyo. Mnyama asipopatikana, yeye atakula vilevile. Kwa hiyo inambidi ajiwekee kifungo ambacho njaa iliwawekea waliomtangulia, na kujiwekea mwenyewe ni kazi ngumu kuliko kuwekewa.

Waislamu wa pwani yetu wamerithi fundisho la kale juu ya jambo hili. Adi bin Hatim alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu mnyama aliyepigwa mshale kisha akatoweka. Jibu alilopewa ni kwamba akimpata baada ya siku moja au mbili, na hana alama nyingine ila ya mshale wake, anaweza kumla. Lakini akimkuta ametumbukia majini, asimle, kwa kuwa hajui kama aliuawa na mshale au na maji. Nimeufikiria sana uzito uliowekwa kwenye kujua. Haitoshi kuwa mnyama amekufa na mshale wangu umo mwilini mwake. Ninatakiwa kujua kwamba mwisho ule ulitokana na tendo langu. Pasipo ujuzi huo, hata nyama iliyo mbele yangu si yangu. Mtu anamiliki matokeo kwa kadiri alivyoyafuata.

Uzi hauwezi kuligeuza pigo baya kuwa zuri. Anayeutegemea ili apige ovyo ameugeuza maana. Wala kazi yake haiishii kwenye mzoga: nailoni haiozi upesi, na ikiachwa kwenye matawi itanasa miguu ya ndege. Mwenye kuufungua ndiye wa kuukusanya wote.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania mwindaji anahitaji kibali. Wengi wetu hatutalenga mnyama maishani. Lakini tunaachia mambo ambayo hukimbia tusiyaone tena. Nafikiria visima vya vijijini. Hutafutwa mfadhili, pampu ya mkono hufungwa, utepe hukatwa, picha hupigwa, magari huondoka. Mwaka wa pili mpira wa ndani ya pampu unaisha, kipuri chake kinauzwa mjini mbali, na kamati haina fedha wala fundi. Wanawake wanarudi mtoni, wakilipita lile bamba la saruji lenye jina la mfadhili. Waliochimba hawakuwa na nia mbaya. Walipiga, wakaamini kwamba wamepata, wakaondoka. Kutangulia si kufika, na kuzindua si kunywesha.

Kufunga uzi hapo kungekuwa nini? Kungekuwa kukubaliana, kabla ya jembe la kwanza, nani atarudi na lini, fedha za kipuri zitawekwa wapi, fundi gani wa kijijini atafundishwa. Mambo hayo yanapunguza kasi. Yanafanya visima vichache zaidi vichimbwe, karibu zaidi na watu wanaofahamika, kama vile uzi unavyomlazimisha mwindaji kusogea. Wapo watakaoona kwamba ni kupoteza nafasi. Mimi nakubaliana na kupoteza huko. Kisima kimoja kinachofuatiliwa kina heshima kuliko kumi vilivyoachwa, kwa sababu kumi vile vimewafundisha watu kutoamini ahadi.

Sisemi kwamba tusiachie kitu mpaka tuwe na hakika ya mwisho wake. Hakuna mwenye hakika hiyo, na asiyethubutu kuachia mshale hamlishi mtu. Ninachosisitiza ni mpangilio. Ahadi ya kufuatilia inayotolewa baada ya madhara hutegemea huruma, na huruma huchoka. Ahadi inayofungwa kabla haitegemei tutajisikiaje siku hiyo. Kwa hiyo kabla ya kuanza jambo litakalomgusa mwingine, nataka swali la kwanza liwe jinsi nitakavyojua lilipoishia. Nikikosa jibu, nisiachie bado.