Kujieleza Kabla ya Kusalimiwa

Ziko adhabu tuzitoazo bila mashtaka wala hukumu. Mojawapo ni kumnyima mkono mtu mwenye ngozi iliyobabuka. Kosa hana, lakini akinyoosha mkono wake, wa mwenziwe hurudi nyuma. Je, haki hiyo ya kurudi nyuma tumeipata wapi?

Wengi watajibu kwamba ni tahadhari. Vema, basi tahadhari na ianzie kwenye elimu. Upele huambukiza, kwa kuwa huletwa na mdudu mdogo ahamaye watu wanapogusana. Pumu ya ngozi haiambukizi. Soriasisi nayo haiambukizi: kinga ya mwili huichochea ngozi ikue kwa haraka mno, hata ile ambayo kwa kawaida hujifanya upya kwa muda wa mwezi hivi, hujifanya kwa siku chache tu, ikarundikana kama magamba. Dawa za kutuliza zipo. Ya kuuondoa kabisa ugonjwa huo haijapatikana. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya soriasisi, ukatamka kuwa ni ugonjwa sugu usioambukiza.

Hata hivyo, elimu haimalizi swali. Katika chuo kimoja cha ualimu nilichokiongoza alikuwako mwanachuo mwenye soriasisi, ambaye wenziwe walikataa kula naye sinia moja. Tabibu akaja kuwaeleza, nao wakarudi. Nilipompongeza kijana yule, alinijibu kwa upole: "Nashukuru, Mwalimu. Lakini kila niendako sharti nijieleze kwanza ndipo nisalimiwe. Wengine husalimiwa tu."

Jibu lile limekaa nami miaka mingi. Tukisema, "Msalimuni, maana haambukizi," tumesema kweli, lakini tumeufanya utu wake utegemee cheti cha daktari. Na yule mwenye upele, ambaye kweli huambukiza, tumwambieje? Yeye apewe dawa, na watu wa nyumbani mwake watibiwe pamoja naye. Kwa siku hizo chache mkono waweza kungoja; salamu, kiti na jina lake havina sababu ya kungoja.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Ngozi niliyo nayo leo sikuichuma kwa wema wangu. Basi, ndugu msomaji, ukimwona mwenye mabaka, msalimu kwanza. Habari za ngozi yake atakueleza mwenyewe, akipenda.